Mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani: mkono, mguu na kumbukumbu

Mgonjwa wa kiharusi hukaa wodini siku chache, pengine wiki moja au mbili, kisha anaruhusiwa. Kuanzia hapo kazi ni ya nyumbani, iwe ni Ujiji, Gungu au Kasulu hapa Kigoma, au kijiji cha wavuvi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Na huo ndio wakati ambao ubongo una uwezo mkubwa zaidi wa kujifunza upya. Sehemu kubwa ya nafuu ya mkono, mguu na maneno hupatikana ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo nafuu huendelea, ila polepole. Familia nyingi huimaliza miezi hiyo kwa kumlaza mzee, kumkanda na kumlisha kijiko kwa kijiko. Zinafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini ubongo haujifunzi kwa kukandwa. Hujifunza pale mgonjwa mwenyewe anapojaribu, akashindwa, akajaribu tena mara nyingi.

Haya ni maelekezo kwa yule anayebaki naye: mke, mume, binti, mkwe, mjukuu.

Kabla hamjachukua karatasi ya ruhusa

Ulizeni kiharusi chenyewe ni cha aina gani. Kuna cha donge la damu kuziba mshipa wa ubongo, na kuna cha mshipa kupasuka na damu kuvuja. Kwa macho havitofautiki: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki. Picha ya CT, yaani picha ya ndani ya ubongo inayopigwa kwa mashine, ndiyo inayotenganisha. Jibu lake linaamua suala la aspirini. Aliyezibwa mshipa kwa kawaida huandikiwa aspirini kidogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, ili damu isigande tena. Aliyevuja damu akipewa hiyohiyo anaweza kuvuja zaidi. Kama CT haikupigwa, msimnunulie aspirini kwa ushauri wa jirani wala wa duka la dawa. Mwulizeni daktari aliyemtibu, iwe ni Hospitali ya Maweni au nyingine, na jibu liandikwe kwenye karatasi.

Ulizeni pia kama amepimwa kumeza. Na mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia awaonyeshe kumgeuza na kumsimamisha, kisha ninyi mfanye mbele yake huku anawaangalia. Kuangalia tu hakutoshi. Mkifika nyumbani mikono itasahau.

Bega ndilo linaloharibiwa kwanza

Bega limeshikwa na misuli kuliko mfupa. Misuli ikilegea, uzito wa mkono wenyewe unavuta kichwa cha mfupa kutoka mahali pake. Hapo anakuja ndugu mwenye nguvu, anamshika mzee kwapani au anamvuta mkono ili amkalishe, na ndani ya wiki chache bega linaanza kuuma kiasi kwamba hataki liguswe. Mkono unaouma haufanyi mazoezi, na mkono usiofanya mazoezi haurudi. Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe moja, na kila anayekuja kumjulia hali aambiwe: hakuna kuvuta mkono dhaifu, hakuna kunyanyua kwa kwapa.

Badala yake tumieni kitenge au kanga imara. Ikunjeni kwa urefu, mfungeni kiunoni juu ya nguo kwa fundo gumu lililo mbele, nanyi mshike kitenge hicho kwa nyuma. Kumtoa kitandani hadi kwenye kiti fanyeni hivi:

1. Kiti kiwe upande wake wenye nguvu, kimeegemezwa ukutani, karibu kugusana na kitanda. Kiti cha plastiki kisichoegemezwa huteleza.
2. Ageukie ubavu, miguu ishuke kwanza, kisha ainuke akae. Akae dakika moja au mbili. Akipata kizunguzungu, msiendelee.
3. Nyayo zote mbili ziwe chini, zimerudi nyuma kidogo ya magoti. Simama mbele yake, magoti yako yazuie goti lake dhaifu lisijikunje.
4. Mwambie ainame mbele mpaka pua ipite magoti. Hapa ndipo wengi hukosea: wanamvuta juu wima, naye anaanguka nyuma. Akiinama mbele, makalio huinuka yenyewe.
5. Ageuke kwa hatua ndogo mpaka kiti kiguse nyuma ya miguu yake, ndipo akae polepole.

Asikushike shingoni. Mkianguka, mtaanguka wote wawili.

Kitandani, mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mpaka atakapoweza mwenyewe. Akilalia upande dhaifu, vuteni bega lake la chini mbele taratibu kwa kulishika nyuma, mkono unyooke, kiganja kitazame juu, na mto uwe mgongoni. Kuulalia upande huo si dhambi kama wengi wanavyodhani. Unaukumbusha ubongo kwamba upande huo upo. Akilalia upande mzima, mkono dhaifu ubebwe na mito miwili mbele ya kifua. Akilala chali, mto uwe chini ya bega na mkono dhaifu.

Kila mnapomgeuza kagueni chini ya mgongo, nyonga, visigino na vifundo vya miguu. Kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu. Gusa kwa nyuma ya vidole: pakiwa na joto kuliko pembeni, pagumu, au peusi zaidi, kidonda kimeshaanza ndani. Ondoeni uzito hapo kabisa, msipasugue.

Maji mepesi ndiyo magumu kumeza

Mtu anayepaliwa hupewa maji, na maji ndiyo hatari yake. Yanateremka haraka kuliko koo dhaifu linavyoweza kufunga njia ya hewa, yanaingia mapafuni na kuleta nimonia. Vitu vinavyoshuka taratibu ni salama zaidi: uji mzito, ndizi zilizopondwa, viazi vilivyosagwa, mtindi. Ugali wa muhogo uliozoeleka kwetu haufai kwa wiki za mwanzo kwa sababu unanata kooni, na dagaa wakavu wana miiba na vipande vinavyosambaa mdomoni. Migebuka iliyochemshwa na kutolewa miiba yote, ikapondwa na mchuzi mzito, inafaa.

Akae wima kabisa, kidevu kikiwa kimeinama kidogo kuelekea kifuani, si kichwa kuangalia juu. Kijiko cha chai, si cha chakula. Mwache ameze, kisha mwambie aseme "aaa". Sauti ikitoka yenye maji maji, kuna kitu kimebaki. Akohoe, ameze tena, ndipo kijiko kingine. Akikohoa kila mara, akitokwa machozi au akibadilika rangi, acheni na mrudi hospitali. Huenda akahitaji mpira wa kulishia kwa muda. Wengine hupaliwa bila kukohoa kabisa, kwa hiyo homa na kupumua haraka siku mbili tatu baada ya kuanza kula ni ishara ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Akimaliza, abaki ameketi nusu saa. Pitisheni kidole kilichofungwa kitambaa safi shavuni upande dhaifu, mara nyingi utakuta tonge zima limejificha. Pigeni mswaki asubuhi na jioni, hata kama hana meno: wadudu wa mdomo mchafu ndio wanaoshuka mapafuni.

Mazoezi: mafupi, mengi, na ya kazi halisi

Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa AVERT, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,000. Walioanza kusimamishwa kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za mwanzo hali zao baada ya miezi mitatu hazikuwa nzuri kama za wale waliopewa huduma ya kawaida. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vipindi vifupi vya mara kwa mara ndivyo vinavyosaidia. Kwa hiyo nyumbani msipange zoezi moja la saa mbili jioni vijana wakisharudi kutoka kazini. Pangeni vipindi vitano au sita kwa siku, dakika 10 hadi 15 kila kimoja, na apumzike katikati.

Idadi ya marudio nayo ina uzito wake. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Catherine Lang walihesabu marudio yanayofanyika kwenye vipindi vya mazoezi ya mkono hospitalini: wastani ulikuwa 32. Kwa wanyama wa maabara, mabadiliko ya ubongo yalionekana kwa marudio ya mamia kwa siku. Nyumbani mnaweza kufika huko, na vifaa mnavyo.

Chukueni ubao wa bao na kete zake 64. Wekeni kete zote kwenye bakuli upande wa mkono dhaifu. Azichukue mojamoja kwa kidole gumba na cha shahada, atie mbili mbili katika kila shimo mpaka mashimo yote 32 yajae, kisha azirudishe. Mzunguko mmoja tu ni marudio 128. Mwanzoni atachukua nusu saa na atatokwa jasho, kwa hiyo gawanyeni: safu moja asubuhi, nyingine saa nne, na kadhalika. Kuchambua maharage kunafanya kazi ileile. Kuchambua dagaa ni kugumu zaidi na kunafaa mwezi wa pili tangu kiharusi: amshike dagaa kwa mkono mzima, amkate kichwa kwa vidole vya mkono dhaifu, atoe mchanga. Mama aliyefanya kazi hiyo miaka mingi kwenye mwalo wa Kibirizi atakwambia vidole vinaikumbuka kabla ya yeye kuikumbuka, na kazi ambayo mtu ana haja nayo huvuta bidii kuliko zoezi lisilo na maana kwake.

Ambaye vidole havijaanza kushika aanze na bega na kiwiko. Mkono ulazwe mezani juu ya kitambaa, ausukume mbele kisha aurudishe, 20 kwa kipindi, mkisaidia kidogo tu pale unapokwama.

Kuhusu ule mpira wa kubana ambao kila mtu huuleta: kwa mgonjwa ambaye vidole vimeanza kujikunja, tunashauri muuache. Nguvu ya kukunja anayo tayari, tena imezidi. Anachokosa ni kufungua. Mpeni kazi za kuachia: kudondosha vifuniko vya soda kwenye kopo, kukunjua kitambaa mezani, kulaza kiganja wazi na kukiegemea akiwa ameketi.

Kuna kitu kingine kinachoiba mkono. Mgonjwa anajaribu mara mbili tatu, anashindwa, anaanza kufanya kila kitu kwa mkono mzima. Ubongo unauacha ule mwingine hata kama una uwezo. Edward Taub, mtafiti wa Marekani, alijenga tiba juu ya jambo hili: mkono mzima unavalishwa glavu nene, ule dhaifu unalazimika kufanya kazi. Jaribio kubwa la EXCITE, lililotangazwa 2006 likiwa na wagonjwa 222, lilionyesha kwamba wiki mbili za tiba hiyo ziliboresha matumizi ya mkono. Inamfaa tu anayeweza kuinua kifundo cha mkono na kufungua vidole kidogo mwenyewe. Nyumbani, mvisheni soksi nene kwenye mkono mzima wakati wa kula au kuchambua maharage, saa moja au mbili, kisha muongeze. Asivae akitembea, akioga, wala akiwa karibu na jiko.

Kwa miguu, zoezi linaloshinda yote ni kuketi na kusimama. Kiti kikiwa kifupi ongezeni blanketi lililokunjwa, kwa sababu kiti kirefu ni rahisi zaidi. Kadiri anavyopata nguvu mpunguze. Mguu dhaifu uwe nyuma kidogo ya ule mzima ili nao ubebe uzito. Mara tano, apumzike, mara tano tena. Mtu asimame upande dhaifu. Siku ambayo presha imepita 180 kwa 110, au ana maumivu ya kifua, hakuna mazoezi.

Fimbo hushikwa kwa mkono mzima, si upande ulio dhaifu. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama na mkono umening'inia. Inatangulia fimbo, unafuata mguu dhaifu, kisha mzima. Kupanda ngazi mguu mzima kwanza. Kushuka, dhaifu kwanza. Na mwondoleeni kandambili: vidole vya mguu dhaifu vinaburuta, kandambili inakwama, anaanguka. Sandali zenye mkanda wa nyuma. Kwa choo cha shimo, kigoda cha mbao kirefu kilichokatwa tundu katikati, pamoja na mti imara uliopigiliwa ukutani upande wa mkono mzima, kinamrudishia heshima yake mapema kuliko dawa yoyote.

Mafuta ya kuchua si kosa yakipakwa taratibu. Maji ya moto ndiyo hatari, kwa kuwa upande wenye ganzi huungua bila yeye kujua. Pimeni maji kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya. Kuchanja ngozi kunaleta vidonda na hakufiki kwenye ubongo. Wanaotaka kuombewa waombewe. Vidonge vya presha visisimame hata siku moja kwa ajili hiyo.

Maneno

Aliyepoteza maneno hajapoteza akili, na msizungumze juu yake kana kwamba hayupo. Ulizeni maswali ya ndiyo au hapana, moja kwa wakati, kisha msubiri hadi sekunde kumi bila kumalizia sentensi yake. Tumieni lugha aliyokuwa akiizungumza zaidi. Kwa wazee wengi hapa hiyo ni Kiha, si Kiswahili cha wodini. Kuhesabu, siku za wiki, sala na nyimbo za kanisani au kaswida mara nyingi hutoka hata pale maneno ya kawaida yamegoma. Anzieni hapo.

Kumbukumbu

Ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa kwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, huja taratibu kwa miaka: protini za amiloidi na tau hujikusanya kwenye ubongo na seli hufa. Usahaulifu wa kiharusi mara nyingi huja kwa kishindo, siku ileile au wiki chache baadaye, na mtu huwa mzito wa kufikiri na kupanga mambo kuliko kusahau tu. Wazee wengi wana vyote viwili kwa pamoja. Uchambuzi wa Pendlebury na Rothwell wa mwaka 2009 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 10 anapata ugonjwa wa kusahau baada ya kiharusi cha kwanza. Baada ya kiharusi cha kujirudia ni zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo anayelinda presha ya mzee wake analinda pia kumbukumbu zake.

Kabla ya kusema mzee amechanganyikiwa, angalieni kasi. Akibadilika ndani ya saa chache au siku moja, akaanza kuweweseka au kulala mchana kutwa, huo si Alzheimer. Kigoma ina malaria nyingi: apimwe malaria, mkojo na mapafu siku hiyo.

Kwa usahaulifu unaodumu, mpelekeni apimwe miezi mitatu baada ya kiharusi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliandaa kipimo kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma shule, kwa sababu vipimo vya kuandika na kuchora huwaonea. Mzee hupewa maneno kumi ayakariri na kuyakumbuka baadaye, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na huiga umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti. Hukohuko Hai ilijaribiwa tiba ya kikundi ya kuchangamsha akili, vikao 14 ndani ya wiki 7, na uwezo wa akili wa wazee ukaonyesha nafuu.

Nyumbani, jambo moja muhimu lifundishwe kwa kuongeza muda. Mwambieni: "Vidonge viko kwenye kopo la bluu kabatini." Mwulizeni baada ya dakika moja, kisha mbili, nne, nane. Akikosea mpeni jibu papo hapo, msimwache abahatishe, kwa sababu kosa nalo hukaririwa. Rudini kwenye muda wa mwisho aliopatia, mwendelee.

Akilia bila sababu au akakataa kula na kufanya mazoezi, mwambieni daktari. Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi hupata sonona, nayo inatibika.

Presha na chumvi

Chumvi ya siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye chakula, isizidi gramu 5, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa. Ya Uvinza ni chumvi kama nyingine yoyote. Kutoka kwetu hakuipunguzii madhara. Dagaa waliotiwa chumvi walowekwe, maji yamwagwe mara mbili. Mawese yapungue, kijiko kimoja cha chakula kwenye sufuria ya familia badala ya kumimina.

Presha ipimwe kwenye mkono mzima, asubuhi kabla ya dawa na jioni, akiwa amekojoa, ameketi dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuongea. Mara mbili, dakika moja katikati. Lengo kwa wengi ni chini ya 130 kwa 80, ila daktari atasema la mzee wenu. Presha ikikaa vizuri, ni vidonge vinavyoiweka hapo. Wengi huviacha wakati huo, na kiharusi cha pili huweza kuja ndani ya wiki au miezi. Nunueni vya mwezi mzima kabla vya zamani havijaisha, hasa wanaoishi vijiji ambavyo barabara hukatika masika.

Kila namba iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, saa, vidonge alivyomeza na idadi ya marudio ya siku hiyo. Mwende nalo kliniki. Mdomo ukipinda tena, mkono ukilegea au maneno yakipotea ghafla, andikeni saa iliyoanza, mwiteni mtu mwenye gari, au bodaboda ambayo mgonjwa atakaa katikati ya dereva na mtu wa kumshika, mmpeleke hospitali, na msimpe kidonge cha kushusha presha haraka wala kitu chochote mdomoni njiani.